Kiwanda Kipi, Siku Ipi? Umaliziaji wa Nyuso za Metali na Ukarabati wa Land Rover Series I, 1948–2018

1.0 Utangulizi

Mwezi Januari mwaka 2018, kampuni ya Jaguar Land Rover ilitangaza kwamba ingekarabati gari moja bovu lililokutwa katika bustani ya nyumba, maili chache kutoka mji wa Solihull, Uingereza. Gari hilo lilikuwa miongoni mwa magari matatu ya majaribio yaliyooneshwa kwa umma katika Maonesho ya Magari ya Amsterdam mwaka 1948. Baada ya kuacha kutumika barabarani katika miaka ya 1960, lilikaa takribani miaka 20 shambani huko Wales, kisha likanunuliwa kwa nia ya kukarabatiwa, lakini kazi hiyo haikukamilika. Kinachostahili kuzingatiwa na mwanahistoria si kupatikana kwake tu, bali ahadi iliyoambatana na tangazo hilo: kwamba mafundi wangehifadhi sura ya uzee wa vipuri vyake, ikiwemo rangi yake ya awali ya kijani hafifu.

Miaka miwili kabla ya hapo, kampuni hiyohiyo ilikuwa imetangaza mpango mwingine, wa kukarabati magari 25 ya Series I na kuyauza yakiwa katika hali ya upya. Wanunuzi wa magari hayo walipewa nafasi ya kuchagua miongoni mwa rangi tano za zama zake. Hivyo, katika muda mfupi, kampuni moja ilitoa majibu mawili tofauti kwa swali moja: gari la kale linapokarabatiwa, uso wa metali yake urejeshwe katika hali gani?

Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba urejeshwe "kama ulivyotoka kiwandani". Insha hii inachunguza maneno hayo. Hoja yake kuu ni kwamba umaliziaji wa kiwandani haukuwa hali moja iliyo thabiti. Ulikuwa zao la uhaba wa malighafi, la shehena iliyokuwepo ghalani na la mahali gari lilipounganishwa. Kwa sababu hiyo, ukarabati unaofanya upya kila uso wa gari haurudishi historia, bali mara nyingi huondoa ushahidi pekee uliosalia wa historia hiyo. Neno "umaliziaji" linatumika hapa kwa maana ya tabaka lolote la mwisho linaloikinga metali na kuipa sura yake: zinki, rangi, kadimi au kromu.

2.0 Uhaba wa Feleji na Sura ya Gari Jipya

Land Rover lilizaliwa katika uchumi wa mgao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza iligawa feleji, yaani chuma cha pua, kwa kuzingatia uwezo wa kila kiwanda wa kuuza bidhaa nje ya nchi. Kampuni ya Rover, iliyokuwa ikijulikana kwa magari ya kifahari, ilijikuta na kiwanda kikubwa huko Solihull kilichotumika wakati wa vita kutengeneza injini za ndege, lakini haikuwa na feleji ya kutosha kukijaza kazi. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa akitumia gari la Jeep katika shamba lake kisiwani Anglesey. Kutokana na uzoefu huo, alibuni gari la kazi za shambani ambalo lingeweza kuuzwa nje kwa haraka.

Maamuzi mawili ya wakati huo yaliamua jinsi metali ya gari hilo ingeonekana. Kwanza, bodi ilitengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesi, kwa sababu alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi kuliko feleji. Aloi hiyo ni laini na iliweza kukunjwa kwa zana rahisi, bila mashine za kushindilia zenye gharama kubwa. Ndiyo maana mabamba ya gari la kwanza ni bapa na kona zake ni za kawaida. Pili, baadhi ya sehemu za feleji zilizokabiliwa na matope na mikwaruzo zilichovywa katika zinki iliyoyeyuka badala ya kupakwa rangi. Baadhi ya magari ya majaribio, likiwemo lile la Amsterdam, yalikuwa hata na chasisi iliyochovywa katika zinki. Magari yaliyofuata katika uzalishaji wa kawaida yalikuwa na chasisi iliyopakwa rangi, ilhali bampa na bamba za kuziba kingo za sanduku la nyuma zilibaki na zinki yake wazi.

Hivyo basi, ndani ya mwaka mmoja, kiwanda kimoja kilitoa chasisi zenye umaliziaji wa aina mbili. Mkarabati anayesema analirudisha gari katika hali ya mwaka 1948 analazimika kwanza kueleza ni gari lipi la mwaka huo. Mpaka kati ya gari la majaribio na gari la uzalishaji, ambao katika vitabu huonekana kama mstari mmoja, katika metali ni suala la kuchunguzwa gari kwa gari.

3.0 Zinki: Kinga, Sura na Umri

Matumizi ya zinki kama kinga ya chuma yana historia ndefu kuliko gari lenyewe. Mwaka 1742, mkemia Paul Jacques Malouin aliieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa jinsi chuma kinavyoweza kufunikwa kwa zinki iliyoyeyuka. Mwaka 1837, mhandisi Stanislas Sorel alipata hataza ya mbinu hiyo nchini humo. Tangu hapo, msingi wa kazi haujabadilika sana. Kipande husafishwa mafuta, huondolewa kutu katika tindikali, huoshwa, hupakwa chumvi ya kuandaa uso, kisha huzamishwa katika zinki yenye joto la takribani nyuzi 450 za Selsiasi. Katika joto hilo, chuma na zinki huungana na kutengeneza matabaka ya aloi, na juu yake hubaki utando wa zinki karibu halisi.

Kinga inayopatikana ni ya namna mbili. Zinki huzuia maji na hewa visikifikie chuma. Na pale inapokwaruzwa, yenyewe huliwa kwanza na kukiacha chuma kikiwa salama. Katika Land Rover kulikuwa na faida ya ziada. Alumini inapogusana na feleji tupu penye unyevu, hasa wa chumvi, alumini huoza kwa kasi. Zinki ilipunguza tofauti ya kikemia kati ya metali hizo mbili. Kwa hiyo mkarabati anayekwangua zinki katika maungio kwa ajili ya kuyapaka rangi nzuri anaweza kuwa anaondoa kitu kilichozilinda pande zote mbili za ungio.

Msomaji wa Kiswahili anaijua tabia ya zinki kutokana na mabati ya kuezekea nyumba. Bati jipya hung'aa na kuonesha maua ya fuwele. Baada ya misimu kadhaa ya mvua, hufifia na kuwa la kijivu. Kufifia huko si uharibifu. Zinki inapokutana na hewa, maji na kaboni dioksidi, hujitengenezea ngozi ya kabonati isiyoyeyuka kwa urahisi, na ngozi hiyo ndiyo inayopunguza kasi ya kuliwa kwake. Hali kadhalika, bampa la kijivu la Land Rover la zamani halijapoteza umaliziaji wake: limeukamilisha.

Hapa ndipo ukarabati unapokutana na tatizo la kihistoria lisilotatuliwa kwa fedha. Ukubwa wa maua ya fuwele hutegemea uchafu uliomo katika zinki, hasa risasi, pamoja na kasi ya kupoa. Unene na rangi ya tabaka hutegemea pia kiasi cha silikoni kilichomo katika feleji. Feleji na zinki za leo si zile za mwaka 1948. Kwa hiyo kipande kilichochovywa upya leo katika kiwanda cha kisasa kinaweza kutoka na mng'ao, au ukijivu, ambao kipande cha awali hakikuwahi kuwa nao. Aidha, bamba jembamba linaweza kupinda kwa sababu ya joto la beseni, na sehemu yenye uwazi uliozibwa isipotobolewa matundu ya kupumulia inaweza kupasuka kwa nguvu ya mvuke. Matundu hayo yakitobolewa, hubaki kuwa alama ambayo kiwanda cha asili hakikuiweka.

Njia mbadala nazo zina mipaka yake. Zinki ya kupakwa kwa umeme hutoa tabaka laini na sawa, lakini jembamba: kwa kawaida mikroni 5 hadi 25, ilhali uchovyaji hutoa mikroni 45 au zaidi hata katika bamba jembamba. Rangi yenye unga wa zinki hukinga, lakini haiungani na chuma na haina fuwele. Kila njia inafaa kwa kazi fulani. Kosa ni kuiita yoyote kati ya hizo "ya kiwandani" bila kufafanua.

4.0 Rangi na Vifungo

Magari ya mwanzo ya Series I yalipakwa kijani hafifu, na baadaye rangi hiyo ikapisha kijani kilichokolea. Simulizi mashuhuri miongoni mwa wapenzi wa gari hilo husema kuwa kijani cha kwanza kilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita iliyobaki baada ya vita. Umaarufu wa simulizi hiyo una maana yake: wanaoisimulia wanakiri, pengine bila kukusudia, kwamba rangi "sahihi" ilikuwa ile iliyokuwepo ghalani. Mtu akiikubali simulizi hiyo, hawezi tena kuifanya namba moja ya rangi iliyochanganywa kwa kompyuta kuwa kipimo cha uhalisi wa magari yote.

Ushahidi ulio imara zaidi uko ndani ya gari lenyewe. Rangi ya awali husalia mahali ambapo jua, mvua na brashi za baadaye hazikufika: chini ya vichwa vya ribiti, nyuma ya kibao cha namba, katika mikunjo ya mabamba na upande wa ndani wa sanduku la nyuma. Mtafiti akikwangua hatua kwa hatua eneo dogo na kulitazama kwa kioo cha kukuza, ataona matabaka yaliyopangika kama kurasa: aloi tupu, rangi ya kwanza, vumbi la miaka ya kazi, kisha rangi ya mmiliki wa pili au wa tatu. Mashine ya kupuliza mchanga huondoa kurasa zote hizo kwa dakika chache, na katika alumini laini inaweza pia kulikunja bamba lenyewe.

Vifungo vidogo navyo, yaani bolti, nati na skrubu, vina historia yake. Katika sekta ya magari ya Uingereza ya wakati huo, kadimi ilitumika sana kwa vifungo, kwa kuwa hukinga vizuri na hulainisha nyuzi za bolti. Rangi ya manjano yenye upinde wa mvua, ambayo wengi huitambua leo kama dalili ya bolti "ya asili", hutokana na kuzamisha kipande chenye zinki au kadimi katika mchanganyiko wa kromati. Kadimi ni sumu kwa figo na mifupa, na kromu ya daraja la sita husababisha saratani. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2000/53/EC liliziwekea mipaka metali hizo, pamoja na risasi na zebaki, katika magari mapya kuanzia Julai 2003, kukiwa na misamaha ya muda. Tangu Septemba 2017, matumizi ya trioksidi ya kromu katika Umoja huo yanahitaji idhini maalumu.

Matokeo yake ni kwamba bolti nyingi za manjano zinazouzwa leo kwa wakarabati hutumia kromu ya daraja la tatu, wakati mwingine ikiongezwa rangi ili ifanane na ile ya zamani. Sura imehifadhiwa, kemia imebadilika, na imebadilika kwa sababu njema. Hapa swali la uhalisi linakuwa pia swali la uhai wa fundi. Anayechomelea feleji yenye zinki bila kinga hupata homa ya moshi wa metali. Anayepiga msasa rangi ya zamani yenye risasi huvuta vumbi lake. Anayesugua bolti yenye kadimi kwa brashi ya waya hufanya vivyo hivyo. Hakuna shahada ya mashindano inayoweza kulipia madhara hayo. Mahali ambapo kipande cha zamani bado kinafanya kazi, kukisafisha taratibu na kukipaka mafuta mepesi ya kuzuia kutu ni salama zaidi kwa mtu, na ni kuaminifu zaidi kwa historia.

5.0 Viwanda Vingi, Nyuso Nyingi

Hoja ya uhalisi mmoja hudhoofika zaidi tunapotoka Solihull. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Minerva ya Ubelgiji ilitengeneza Land Rover kwa leseni, kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo hasa, na ikatumia bodi ya feleji badala ya alumini. Mwishoni mwa muongo huo, kampuni ya Santana ilianza uzalishaji wa leseni mjini Linares, Hispania. Gari la Minerva lililovuliwa bodi yake na kuvikwa mabamba ya alumini ili "lisahihishwe" litakuwa limefutiwa historia yake ya Ubelgiji kwa jina la historia ya Uingereza.

Afrika Mashariki inaingia katika mjadala huu kwa mlango huohuo. Land Rover za mifululizo iliyofuata ziliunganishwa mjini Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa mwaka 1974. Gari linalosafirishwa likiwa vipande na kuunganishwa ugenini hupata sehemu ya sura yake ya mwisho mikononi mwa wafanyakazi wa huko. Kwa gari la namna hiyo, kiwanda cha asili ni viwili. Mkarabati wa Nairobi au Arusha anayeagiza kila kitu kwa mujibu wa mwongozo wa Solihull anaweza, bila kujua, kufuta kazi ya mafundi wa Thika, ambao historia ya viwanda ya Kenya ina haja ya kuwakumbuka.

Vivyo hivyo na maisha ya gari baada ya kuuzwa. Rangi ya idara ya serikali, kiraka cha bati kilichopigwa ribiti na fundi wa gereji, bampa lililonyooshwa kwa nyundo: haya si makosa yaliyoongezwa juu ya historia ya gari, bali ni sehemu yake.

6.0 Kurejesha au Kuhifadhi

Mwaka 1964, Mkataba wa Venice uliweka misingi ya kuhifadhi majengo ya kale, ikiwemo kuheshimu michango ya zama zote na kutenganisha kazi mpya na ya zamani. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilichukua mwelekeo huo na kuandaa Mkataba wa Turin mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mkataba huo unatanguliza uhifadhi kabla ya urejeshaji, na unataka kazi zilizofanywa ziwekewe kumbukumbu na vipuri vilivyobadilishwa vitambulike.

Mfano unaotajwa mara nyingi wa mwelekeo huu ni Land Rover yenye namba ya chasisi 860001, ya kwanza katika uzalishaji wa kawaida, iliyosajiliwa kwa namba JUE 477. Gari hilo lilitelekezwa kwa miaka mingi shambani Northumberland. Lilipokarabatiwa katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, lilirudishwa katika uwezo wa kutembea, lakini mabamba yake yaliachwa na rangi iliyofifia na makovu ya kazi. Anayelitazama leo anasoma mwanzo wake na maisha yake kwa pamoja.

Ni haki kueleza pingamizi. Kutu haina subira kwa nadharia. Chasisi iliyooza ni hatari barabarani, na gari lililoachwa lioze kwa ajili ya heshima ya ushahidi mwishowe halitakuwa ushahidi wa lolote. Vilevile, gari lililofanywa upya huonesha jambo ambalo lile lililofifia haliwezi kulionesha: jinsi mnunuzi wa kwanza alivyoliona. Mpango wa magari 25 una thamani hiyo. Hata hivyo, kuruhusu mnunuzi kuchagua rangi kunaonesha kuwa kinachorejeshwa hapo ni zama kwa ujumla wake, si gari moja mahususi. Methali yetu inaonya kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ubaya hauko katika kung'aa, bali katika kung'aa kunakodai kuwa ni ukale.

Kutokana na mjadala huu, utaratibu wa busara unaweza kupangwa kwa hatua nne. Kwanza, kila uso upigwe picha na kuelezwa kabla ya kuguswa. Pili, uamuzi ufanywe kwa kila kipande, si kwa gari zima: chasisi iliyooza ibadilishwe, bampa la kijivu lisafishwe tu. Tatu, palipo na ulazima wa kupaka upya, eneo dogo la umaliziaji wa zamani liachwe mahali pasipoonekana kwa urahisi. Nne, mbinu mpya iandikwe kwa jina lake halisi, iwe ni uchovyaji, umeme au rangi, pamoja na tarehe yake.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa umaliziaji wa metali za Land Rover Series I ulitokana na mgao wa feleji, upatikanaji wa alumini, kemia ya zinki ya wakati wake na mgawanyo wa uzalishaji kati ya nchi. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kilibadilika, wakati mwingine ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo maneno "kama lilivyotoka kiwandani" hayana maana kamili mpaka yajibu maswali mawili: kiwanda kipi, na siku ipi?

Majibu ya maswali hayo yamo katika mikroni chache za zinki na rangi. Mwanahistoria akipoteza hati, huenda nakala ikapatikana kwingine. Uso wa gari hauna nakala. Fundi anayeshika msasa mbele ya gari la kale ameshika pia mamlaka ya mtunza nyaraka, na inafaa vyuo vinavyofundisha historia ya teknolojia na vile vinavyofundisha ufundi wa magari vianze kuzungumza juu ya mamlaka hayo pamoja.